Msumari wa Farasi wa Harusi

Ningemwambia Bakari hapana. Asubuhi nyingi neno hilo huniamkia mdomoni kabla mimi mwenyewe sijaamka, likakaa pale juu ya ulimi, jepesi, halina kazi tena.

Bakari ni mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja. Alikuja kwangu Mwabungo kaskazi ikielekea kwisha, siku ambazo joto hukaa juu ya makuti kama mgeni asiyejua kuaga. Alinikuta uani nikimsugua farasi wangu. Akapindua ndoo, akaikalia.

"Kaka, mwanangu Salimu anaoa."

"Alhamdulillahi. Habari hiyo nimeisikia."

"Umesikia nusu. Nusu ya pili ni kwamba anataka kwenda kwa bibi harusi juu ya Halua."

Halua ndiye farasi mwenyewe, jike la rangi ya halua nyeusi iliyokolea. Miaka mingi nilikuwa saisi, mtunza farasi, katika zizi la tajiri mmoja pale Diani. Alipofunga shughuli zake akarudi kwao, aliniachia Halua pamoja na tandiko lake, maana hakuna aliyemtaka farasi aliyeanza kuzeeka isipokuwa mimi niliyekuwa nikizeeka naye. Tangu hapo tulikuwa tukitembea ufukweni maji yakitoka, tukipandisha watoto na wageni. Na nilipompanda mwenyewe, mapema kabla mchanga haujapata moto, sikujua mguu wangu unaishia wapi na ubavu wake unaanzia wapi.

"Bakari, Halua hajui ngoma."

"Ngoma gani? Matwari matatu na tarumbeta moja."

"Tarumbeta moja kwa farasi ni simba mmoja."

Akacheka mpaka ndoo ikayumba. "Basi simba huyo ameshaalikwa, na watu wa Bongwe wameshaambiwa bwana harusi anakuja na farasi. Kaka, uso wangu nitauweka wapi?"

Nilijua jibu la kazi yangu. Farasi hufundishwa sauti polepole sana. Unaweka twari moja mbali, nje ya ua, mtu analigusa kwa vidole tu huku farasi anakula. Atanyanyua kichwa, masikio yatasimama. Unangoja. Masikio yakirudi kwenye majani, mpigaji anasogea kidogo. Ukimharakisha siku moja umepoteza wiki nzima. Kazi imekwisha siku utakapoona anapigiwa ngoma ubavuni naye anasinzia. Harusi ilikuwa Ijumaa ya wiki ile ile.

Lakini mtu wa kwetu humwambiaje ndugu yake hapana katika harusi? Anaweza kumnyima mbuzi, anaweza kumnyima shamba, watu wakasema ni mambo ya wenyewe. Harusi ukiinyima kitu, umesusa. Kwa hiyo nikasema ndiyo. Nikamwona Bakari anainuka kwenye ile ndoo amekuwa mrefu kuliko alivyokuja, na nikafurahi.

Nayaandika haya kwa ajili ya yeyote anayefanya kazi na wanyama, au na jembe, au na misumari, na kwa ajili ya mke au mtoto wa mtu aliyelazwa kama nilivyolazwa mimi. Habari za vijidudu sizijui vya kutosha kuzieleza. Ninachojua ni yaliyonipata.

Asubuhi ya harusi niliinua kwato za Halua, kama mwenye farasi anavyotakiwa kufanya kila asubuhi kabla hajaweka tandiko. Unasimama begani kwake ukimpa mgongo, unateremsha kiganja mguuni taratibu, naye anakupa kwato kama mtu anavyokupa mkono. Ya mbele kushoto, chuma kilikuwa kimelegea. Msumari mmoja ulikuwa umeinuka, na ulikuwa na kutu. Fundi wa kwato alikuwa mbali, na siku yake ya kuja haijafika. Farasi mwenye chuma kilicholegea haendi popote. Unaking'oa chuma, unamwacha apumzike. Mimi nilichukua nyundo nikaugonga msumari ukalala, nikajiambia kwamba Bongwe si mbali. Sikumwambia mtu.

Kisha nikafanya la pili. Miaka yote sijawahi kumsogelea farasi bila viatu vizito vya kufunika mguu. Hata watoto waliokuja kutazama tu niliwafukuza wakija na malapa. Siku ile nilikuwa baba mkubwa wa bwana harusi. Nikavaa kanzu yangu nyeupe, kofia ya kito, na makubadhi mapya ya ngozi.

Twende. Salimu juu, kanzu yake imemwagika pande zote mbili za tandiko, mimi mbele nimeshika hatamu. Nilikuwa nimemwonya: "Akishtuka, shika manyoya ya shingo. Hatamu usiziguse. Ukizivuta utamuumiza mdomo naye ataruka zaidi."

"Sawa, baba mkubwa."

"Na visigino usimbane navyo. Ukimbana anajua umemwambia aende."

"Sawa, baba mkubwa. Mimi naoa tu, sishindani mbio."

Matwari Halua aliyavumilia. Alitembea shingo imeinuka, masikio yakizunguka, nami nikawa namsemesha. Penye kona ya kuingilia nyumba ya bibi harusi, ambapo barabara ina mawe, mpiga tarumbeta alitokea ukutani na kupiga. Halua akaruka upande. Chuma kikajinasa kwenye jiwe, kikajipinda, na mguu ule ukashuka juu ya mguu wangu.

Wanawake walipiga vigelegele. Walidhani farasi anacheza. Salimu alishika manyoya ya shingo kama nilivyomfundisha, hakuanguka, na picha zake wanazo mpaka leo: anacheka, na chini pembeni kuna kofia yangu tu.

Msumari ulikuwa umepenya ngozi ya makubadhi ukaingia mguuni. Niliutoa, nikaosha mguu kwa maji ya mtungi, nikamwagia mafuta ya taa, nikaomba leso nikafunga. Binti yangu Mwanasha akaja mbio.

"Baba, tupande tuktuk twende Ukunda ukachomwe sindano."

"Na wali?"

"Wali utakungoja."

"Wali wa harusi ya ndugu yako haukungoji. Nikiondoka kabla haujapakuliwa, watasema nimeondoka na hasira."

"Watasema umeumia, baba. Mguu wenyewe si huu?"

"Kesho," nikamwambia. Nikaingia nikaketi jamvini, nikala wali na watu, nikiwa nimeuficha mguu chini ya kanzu.

Kesho ikapita, na kesho nyingine. Kidonda kilijifunga vizuri, kidogo kama tundu la kifungo. Wiki iliyofuata, asubuhi moja, nilishindwa kuuma mahamri.

"Mahamri yangu leo yamekuwa mawe?" akauliza mke wangu, Mesaumu.

Nilitaka kumjibu kwa utani. Taya halikufunguka. Nikamwonyesha kwa kidole, yeye akadhani ni jino, akaenda kuchemsha maji ya chumvi. Kufikia adhuhuri shingo ilikuwa imekuwa ubao.

Nawakumbuka watu wa benchi la zahanati kuliko ninavyowakumbuka madaktari. Lilikuwa benchi refu la mbao lililong'arishwa na nguo za watu. Mama mmoja alikuwa na mtoto mwenye homa, fundi cherehani ameshika kidole. Kijana aliingia, akapita mbele yangu kwa adabu akasema, "Shikamoo mzee." Sikuweza kuitikia. Meno yamebana, uso wangu umevutwa pande zote mbili kama ninayecheka. Akarudia, "Shikamoo." Nikamtumbulia macho. Akaenda kuketi mbali, nikamsikia akimwambia fundi, "Wazee wengine wana kiburi, wallahi. Anakuchekea na hakuitikii."

Marahaba ile ilinikaa kifuani. Katika mambo yote niliyodaiwa na mwili wangu siku zile, hiyo ndiyo niliyotamani kuilipa kwanza.

Kutoka zahanati tulipelekwa hospitali ya Msambweni. Daktari alilitazama taya, akautazama mguu, akasema neno pepopunda, na Mesaumu akaanza kulia bila sauti. Daktari akamwambia, "Hivyo hivyo, mama. Bila sauti. Kuanzia leo huyu asisikie sauti."

Kama unamuuguza mtu wa namna hii, hilo ndilo la kwanza ujue. Mwanga na kelele humuumiza kwa njia usiyoweza kuiona. Mlango ukigonga, mwili wangu ulijikunja nyuma kama upinde, nikasimama juu ya kisogo na visigino, na pumzi ikakatika. Ulimi nilikuwa nimeuuma hauna pa kukimbilia. Akili ilikuwa nzima muda wote. Nilijua kila kitu.

Walinipa dawa za kulegeza, na dawa zile zilinichukua. Chumba kilikuwa na pazia zito la kijani. Mvua za masika zilipoanza, nilizisikia kwa mbali kama mtu anayepepeta mchele katika nyumba ya jirani, na chumba kikajaa maji bila kulowa. Halua akaja. Aliingia kupitia pazia, ametandikwa, maji yakimfikia magotini. Nikampanda nikiwa nimelala. Tukaenda juu ya mchanga uliokuwa umeachwa na maji, mchanga wa rangi ya maziwa ambao haukuisha, kusini na kusini zaidi, kijiji baada ya kijiji, na watu wa kila kijiji walikuwa wamesimama mstari mmoja wakisema shikamoo, shikamoo, nami nikiwaitikia wote. Miguu yangu ilikuwa mirefu ikining'inia. Nikifikiria kulia, anakwenda kulia. Nikifikiria kusimama, amesimama. Hatamu zilikuwa za maji.

Nilipoamka nilikuta mrija puani na mikono ya mke wangu. Mikono ile ilikuwa na kitu kisicho cha kawaida, nikakaa siku nzima nikiitazama kupitia kope. Kisha nikaona. Mesaumu alikuwa amevua bangili zake. Bangili zile nilimkuta nazo alipoingia nyumbani kwangu, hajawahi kuzivua kwa kufua, kwa kuzaa, wala kwa msiba. Alikuwa amezivua kwa sabuni kwa sababu zilikuwa zikilia, na kila zikilia mimi nilikuwa nikijikunja. Mahali pake palibaki duara mbili nyeupe.

Palikuwa na huruma nyingine ndogo ndogo. Muuguzi mmoja, binti wa bara, alifunga kitasa cha mlango kwa bandeji kikawa kinafunga kimya kama mdomo wa samaki. Kwenye pengo la jino langu la kando, ambalo miaka yote nililionea haya, Mesaumu alipitisha matone ya maji ya dafu kwa sindano isiyo na ncha, nilipokwisha kuruhusiwa kumeza. Na kwa kuwa msikiti ulikuwa karibu, yule muuguzi alikuja kufunga dirisha kabla ya kila adhana, maana hata adhana ilinikunja. Hilo lilinitia huzuni kuliko mrija. Nikawa najua wakati wa sala kwa mkono wa binti asiyesali sala yangu akifunga dirisha.

Bakari alikuja wiki ya kwanza na habari zake. Alisimama mlangoni akimnong'oneza Mesaumu, lakini mnong'ono wa Bakari ni mazungumzo ya mtu mwingine.

"Hii si hospitali, shemeji. Hii ni kijicho cha harusi. Watu walimwona farasi, wakaona kanzu. Yuko mtu Majoreni anayajua haya mambo. Gari naleta mimi."

"Hatoki hapa."

"Mimi ni ndugu yake."

"Na mimi ndiye ninayemlowesha midomo. Wewe umemletea nini?"

"Shemeji, akifa je?"

"Sauti, Bakari!"

Sauti ile ya Mesaumu ndiyo iliyonikunja. Nikawasikia wote wawili wanasimama pale wakinitazama nikiwa upinde, hawawezi kunigusa wala kusema pole. Tangu siku ile Bakari hakuingia tena. Alikaa kwenye benchi la nje, siku kwa siku, akiwa na kikapu cha machungwa ambayo sikuweza kuyala. Aliamini kwamba ameniua kwa kuniomba farasi. Na mimi, niliyejua habari ya msumari, nilikuwa ndani kimya. Mwanzoni kwa sababu taya lilikuwa limefungwa. Baadaye kwa sababu lilikuwa limefunguka na sikutaka kulitumia kwa hilo.

Taya lilifunguka kwa vijiti. Walinipa vijiti bapa kama vya aiskrimu, nikavipanga kimoja juu ya kingine katikati ya meno, nikingoja, kisha nikichomeka kingine. Yule muuguzi alinichekesha nami siwezi kucheka: "Mzee, leo tuko ghorofa ngapi?" Ni kazi ya subira ile ile ya kufundisha farasi. Siku niliyolazimisha, nilirudi nyuma siku nyingi. Anayeanza zoezi hili nampa neno moja, asimame pale maumivu yanapogonga mlango, asingoje yaingie.

Siku niliyoweza kutamka, daktari aliniuliza kama nina swali. Nilikuwa na moja tu.

"Nitampanda tena farasi wangu?"

Alikuwa kijana mpole. Akasema, "Misuli mingi hurudi, mzee. Kwa umri wako, siwezi kukuahidi yote. Tutaona baada ya mvua za vuli."

Hivyo nikawa na kitu cha kungojea. Nilimngojea Halua.

Kabla ya kutoka nilimwita Bakari aingie. Alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda kama mtu anayengoja kufukuzwa. Nilikuwa nimekonda, ndevu zimenijaa usoni, mapaja yangu yamekuwa kama mikono. Nikamwambia habari yote. Chuma kilicholegea, msumari wenye kutu, nyundo, makubadhi. Nikamwambia kwamba niliona asubuhi ile na nikanyamaza.

"Kwa nini hukusema farasi ana mguu mbovu?"

"Ulikuwa umeshawaambia watu."

"Kaka." Akafunika uso. "Ningemleta Salimu kwa tuktuk. Tungeifunga maua na riboni. Ndoa ingefungwa vile vile, na watu wa Bongwe wangecheka siku mbili wakasahau."

"Uso wako ungeuweka wapi?"

"Si hapa hapa ulipo?" akasema, na akaupiga shavuni kwa kiganja. Tukacheka, na katikati ya kicheko mguu wangu wa kulia ukakaza, kidole gumba kikasimama, paja likawa gogo. Bakari akalishika kwa mikono miwili akalikanda mpaka likalegea. Tangu siku ile alikuja kulikanda kila alasiri, nami sikuwahi kumwambia kwamba alikuwa akilikanda vibaya.

Nilirudi nyumbani kipupwe, upepo wa kusi ukiwa umepoa. Mesaumu alinipokea ndani akazivaa bangili zake tena mbele yangu, kwa mafuta ya nazi. Zilimwia kubwa, yeye naye alikuwa amekonda. Nilikuwa natembea kwa fimbo mpaka uani, nikikaa kwenye ndoo ile ile, nikitazama mahali Halua alipokuwa akifungwa. Majani yalikuwa yameota katika alama za kwato zake.

Mwanasha alikuwa amempeleka Galu, kwa mwanamke mmoja wa bara aitwaye Njeri, anayefuga farasi wa wageni. Njeri alikuwa amemng'oa vyuma vyote, akamwacha atembee kwato tupu mchangani, na hilo lilimfaa. Kila juma Mwanasha aliniletea habari: anakula, amenenepa, jana alimng'ata mgeni kofia. Nikawa nalala mchana na dirisha wazi, nikipanda. Katika usingizi miguu yangu ilikuwa mizima. Nilifanya mazoezi yote niliyoagizwa, kunyoosha, kukunja, kupanda ngazi ya mlango na kushuka. Nikawa nikipaka nta kwenye tandiko langu, nikikagua mshono wa mkanda wa tumbo na mahali ambapo vikuku vya kukanyagia hukatika, kama mtu anayesafiri kesho.

Vuli ilinyesha ikapita. Nikaenda Galu.

Halua alinijua. Alikuwa mbali upande wa pili wa uzio, nikapiga ulimi mara moja tu, akaja akiwa ameshusha kichwa, akaweka paji la uso wake kifuani kwangu akasukuma, kama alivyozoea. Nikabaki nimemshika masikio.

"Mzee, uko sure?" akauliza Njeri.

"Niko sawa."

"Tunaenda pole pole. Mimi nitashika kamba."

Nilimtandika mwenyewe. Nililiweka tandiko mbele kidogo kisha nikalirudisha nyuma, ili manyoya yalale upande mmoja. Lisipofanyiwa hivyo humchuna. Nikakaza mkanda kidogo, nikamtembeza, nikakaza tena, maana farasi hujaza tumbo hewa mara ya kwanza kwa ujanja wake. Nikapanda kwa kisiki. Nilipokaa, dunia ilirudi mahali pake. Maji yalikuwa yametoka mpaka kwenye miamba, mchanga ulikuwa ule ule wa rangi ya maziwa, na kwa hatua chache tulikwenda kama katika chumba cha pazia la kijani. Nilidhani nimesinzia.

Kisha paja la kulia likakaza.

Sikuliagiza. Lilibana ubavu wa Halua lenyewe, na yeye, aliyefundishwa na mimi kwamba mguu ukibana maana yake ni nenda, akaenda. Mwili ukashtuka. Vidole vikajifunga kwenye hatamu, mikono ikaja kifuani, na lijamu, kile chuma cha mdomoni, kikamvuta. Maana yake ni simama. Mguu ukisema nenda, mkono ukisema simama, na mimi katikati nikimsemesha kwa mdomo, "Taratibu mama, taratibu," ambalo ni neno la tatu.

Farasi mwingine angenirusha, na angekuwa na haki. Halua alisimama. Alitetemeka kuanzia shingoni mpaka mkiani, masikio yakija kwangu na kwenda, yakija na kwenda, akitafuta nilichokuwa nikikitaka. Njeri alinifungua vidole kimoja kimoja.

"Miguu yako inamwambia kitu wewe husemi, mzee," akasema kwa upole. "Anachanganyikiwa."

Niliposhuka niliona povu la mdomoni mwake lina wekundu. Katika miaka yetu yote sikuwahi kumtoa damu mdomoni. Nilifungua mkanda, nikashusha tandiko, nikamsafisha mdomo kwa ncha ya kikoi changu. Yeye akaweka tena paji lake kifuani kwangu akasukuma, na safari hii nusura nianguke.

Nilijaribu mara nyingine mbili, wiki zilizofuata, nikiwa na tumaini. Ikawa vile vile. Halafu nikaacha, kwa sababu alianza kurudi nyuma anionapo na tandiko.

Ukichomwa na msumari, nenda siku hiyo hiyo, uache wali upoe. Ukiulizwa jambo ambalo kazi yako inakuambia halifai, sema halifai, hata kama anayekuuliza ni ndugu wa tumbo moja na amekalia ndoo yako. Kicheko cha harusi ni cha siku mbili. Bakari mwenyewe ameniambia.

Tandiko nimempa Njeri. Halua pia nimempa. Anabeba watoto wadogo, anatembezwa kwa kamba, na hajawahi kutoka damu tena. Mimi nina mke, nina mwanangu, ninaitikia shikamoo za watu, na mchana bado nampanda nikiwa nimelala. Lakini nikiamka, ndivyo ilivyo: neno ndiyo nililomwambia Bakari lilinipotezea farasi wangu, na sitapanda tena.